Pini Iliyoachwa Hewani

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya kikao, Sindano alikuwa amebakiza jambo moja tu: kutia sahihi.

Faili lilikuwa mezani, limefungwa uzi mwekundu kama kitita cha kuni. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mpelelezi wa ndani wa hospitali hutakiwa kukipeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Kulikuwa na ripoti yake ya kurasa sita. Kulikuwa na orodha iliyotolewa na mashine inayohesabu kila mara mlango wa chumba cha baridi unapofunguliwa. Kando ya faili kulikuwa na Kielelezo B, chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kubandikwa karatasi.

Mtuhumiwa alikuwa mlinzi wa wikendi wa ghala la dawa. Kosa lake: kufungua chumba cha baridi mara arobaini na moja bila ruhusa, siku za Jumamosi na Jumapili, ili kupoza maji yake. Adhabu iliyopendekezwa: kufukuzwa kazi. Kikao: saa nane mchana.

Jina la Sindano alipewa na manesi, kwa sababu, walisema, haingii popote akatoka bila damu. Hakulichukia.

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Aliyeingia alikuwa Mfamasia, mkuu wa ghala, mtu mnene mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha pili, amekumbatia rundo la karatasi za mviringo.

"Dada, nimekuletea chapati zako."

"Nini hizo?"

"Karatasi za kipimajoto cha chumba cha baridi. Wiki nne za yule mzee. Katibu wa kamati kasema ziwemo kwenye faili."

"Mbona mimi sikuzipata mwanzo?"

"Hukuniuliza."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Sindano alizipokea, akatandaza ya kwanza mezani. Kalamu ya kipimajoto huchora mstari mmoja unaozunguka karatasi kwa wiki nzima. Siku za kazi mstari ulikuwa na meno kama msumeno, kila mlango ulipofunguliwa jino moja. Kisha ilifika Jumamosi, na mstari ukanyooka kama uzi uliovutwa. Jumapili, uzi uleule.

Alichukua orodha ya mashine akailaza kando. Jumamosi ile mlango ulikuwa umefunguliwa mara tano.

"Hili jino la Jumamosi liko wapi?" aliuliza.

Mfamasia aliinama, akavaa miwani, akaivua. "Halipo."

"Kifaa kinaweza kukosa?"

"Hicho? Nikiufungua nichukue boksi moja nitoke, kinaandika. Kingekuwa mke wangu kisingekuwa na wivu zaidi." Alikuna kidevu. "Basi mzee alikuwa anafungua mlango wa baridi bila baridi kutoka. Huyo si mlinzi, huyo ni mganga."

Sindano hakucheka. Alitandaza karatasi ya pili, ya tatu, ya nne. Siku nane za wikendi. Meno arobaini na moja yaliyotakiwa kuwepo, na hata moja halikuwepo.

"Ulichoma maboksi mangapi ya dawa?"

"Saba. Ya chanjo matatu, ya dawa ya sukari manne. Ripoti yako ilisema baridi haina uhakika, na kanuni ni kanuni. Wagonjwa kumi na wawili wa sukari niliwaambia warudi wiki inayofuata." Alizitazama tena karatasi, kisha akatazama pembeni. "Nilizichoma mwenyewe."

Kalamu ya sahihi ilikuwa bado mkononi mwa Sindano. Aliifunga kifuniko.

*

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, saa nne kamili, kikao kikiwa saa nane. Walimwita Saa Kamili kwa sababu moja: kwa miaka kumi na tisa lindo lake lilikuwa la kuaminika kuliko saa ya ukutani. Miguuni kwake kulikuwa na mfuko wenye sare ya ulinzi, imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa.

Kwa wiki nne Sindano hakuwa amempa salamu. Alikuwa akimwita "wewe mlinzi", na mara moja, mbele ya wafagiaji, "wewe mpoza maji". Mtu huyu alikuwa na umri wa baba yake mdogo.

"Shikamoo, mzee."

Saa Kamili alimtazama viatu kwanza, kisha uso.

"Marahaba."

"Kikao ni saa nane."

"Najua. Nimekuja kurudisha sare. Stoo wanafunga saa sita, na sitaki waseme nimekimbia nayo."

"Naomba unifuate kidogo ghalani. Nina maswali."

"Uliyauliza yote, mama. Majibu hukuyapenda." Hata hivyo aliinuka, akaukumbatia mfuko wake.

Chumba cha baridi kilikuwa nyuma ya ghala, mlango wake mzito ukitazama kibaraza chembamba. Kando ya mlango, kwenye usawa wa kifua, boksi jeusi la ukubwa wa tofali lilikuwa limefungwa ukutani. Waya ulitoka ndani yake, ukafuata fremu hadi kwenye swichi ndogo pembeni mwa mlango, ya aina ileile inayowasha taa ya friji za nyumbani. Kwenye uso wa boksi palikuwa na tarakimu za kuhesabu na taa ndogo ya kijani iliyopepesa kila sekunde mbili. Sindano aliipenda taa ile tangu siku ya kwanza.

"Ukifika hapa kwenye lindo ulikuwa unafanya nini? Hatua kwa hatua."

"Nashika komeo, navuta, nione kama limekaza. Limekaza. Naangalia kufuli. Halafu naita geti."

"Unaita kwa simu?"

"Kwa redio ya mkononi. Wikendi niko peke yangu huku, kwa hiyo amri ni kila ikifika saa kamili niwaite wajue niko hai. Siku za kazi hawaiti, watu wamejaa."

"Ukiita unasimama wapi?"

Aliweka mfuko chini, akasogea, akasimama. Bega lake la kushoto lilikuwa shibiri moja kutoka kwenye boksi.

"Hapa ndipo penye kivuli," alisema. "Na taa hii inanifanya nisijione mpweke."

Sindano alifungua orodha. Saa tatu na dakika moja. Saa tano kamili. Saa sita na dakika mbili. Saa nane kamili. Mwezi mmoja uliopita alipigia mistari saa hizo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: *Anafungua kila anapofika kwenye lindo.* Alikuwa amejipongeza kwa uchunguzi huo. Sasa aliona jambo jingine: zilikuwa saa zilezile za kuita kwa redio.

"Mzee, yule aliyeshika zamu yako sasa, anaita kwa redio?"

"Kijana yule? Wikendi ya kwanza walinzi wa geti walilinda kwa mbali tu, yeye alianza ya pili. Ana redio, na nasikia anaita vizuri tu. Amri ni ileile."

Na tangu Saa Kamili asimamishwe, mashine haikuwa imehesabu hata mara moja wikendi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya ripoti, ukurasa wa tano: *Mtuhumiwa alipoondolewa, vitendo vilikoma.*

Aliagiza redio kutoka getini, ajaribu kama ndiyo inayosogeza hesabu. Mfamasia alisimama shahidi. Mlango ulifungwa, kufuli likapachikwa. Sindano alisimama penye kivuli, akasogeza redio karibu na boksi, akabonyeza na kuzungumza. Tarakimu hazikusogea. Alibonyeza tena, antena ikigusa waya. Hakuna. Alibonyeza mara ishirini, jasho likimchuruzika kwenye kwapa za blauzi.

Taa ya kijani ilipepesa kama vile haijasikia kitu.

"Basi, dada," Mfamasia alisema polepole. "Umejaribu."

Pumzi ilimtoka Sindano, ndefu, kama ya mtu aliyetua ndoo. Mabega yalimshuka. Ripoti yake ilikuwa bado imesimama. Ndipo alipogundua kuwa Saa Kamili anamtazama, na kwamba ameiona ile pumzi na amejua ilikuwa ya nini. Alijigeuza haraka kulitazama boksi, kwa kuwa lilikuwa kitu pekee pale kisicho na macho.

Na kwa kuwa alilitazama, aliziona skrubu.

Zilikuwa nne. Fundi aliyelifunga alikuwa na desturi yake: kila skrubu akishaikaza huitia tone la rangi ya kucha, ili ikiguswa ijulikane. Sindano alikumbuka matone yale siku yanapakwa, mekundu kama pilipili. Matone haya yalikuwa ya zambarau.

*

Kitabu cha wageni hakina adabu, husema kila kitu kwa kila mtu. Sindano alikifungua getini, akateremsha kidole kwenye kurasa. Saa Kamili alisimamishwa siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa kuinamia kushoto: *Fundi wa mashine ya mlango. Sababu: kufuta vumbi.*

Mwandiko huo aliufahamu tangu ulipokuwa ukiandika a, e, i, o, u. Ulikuwa wa binti wa dada yake.

Ukoo mzima ulimwita Waya, kwa sababu tangu utotoni hakuna redio iliyopita nyumbani ikabaki na mfuniko. Sasa alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya elektroniki, chuo kikiwa mwendo wa robo saa kutoka hospitalini. Hospitali ilipotaka kifaa cha kuhesabu mlango, Sindano ndiye aliyesema: nina mwanangu. Ndiye pia, mashine ilipoleta orodha, aliyesema haina haja ya kupimwa tena, kwa sababu alimjua aliyeitengeneza. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa kwa mbwembwe.

Alipiga simu. "Njoo na laptopu yako. Sasa hivi."

"Mama mdogo, nina kipindi."

"Sasa hivi, mwanangu."

Waya alifika saa tano na nusu, begi mgongoni, macho chini. Ofisini walikuwa wawili tu. Mfamasia alikuwa nje na Saa Kamili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Rangi ya kucha umebadilisha lini?"

Waya alitazama vidole vyake.

"Si hiyo. Ya skrubu."

Kiti kilitoa mlio.

"Ile nyekundu iliisha," Waya alisema.

"Na vumbi? Liliisha?"

"Mama..."

"Hapa mimi si mama yako. Jumatatu ile ulibadilisha nini ndani ya lile boksi?"

Waya alifungua laptopu, labda ili apate mahali pa kuweka macho. Alizungumza na kioo, si na mtu.

"Programu. Niliweka mpya. Ya zamani ilikuwa na kosa."

"Kosa gani? Nieleze kama unavyomweleza bibi."

"Ile chipu ina safu ya pini nane. Pini moja inasikiliza mlango, nyingine inawasha taa. Sasa, mlango ukiwa umefungwa, ile swichi haigusi popote. Pini ya mlango inabaki haina pa kushika. Kwa hiyo ndani ya chipu kuna rezista, kizuizi kidogo cha umeme, unayoiwasha kwa programu, inaivuta pini juu, ili isome moja. Mlango ukifunguliwa, swichi inaigusisha na waya wa ardhi, inasoma sifuri, na chipu inahesabu."

"Na rezista isipowashwa?"

"Pini inaelea. Iko hewani. Haijui ni moja au sifuri. Itasema lolote litakalopita karibu: mota, waya wa umeme, mkono wa mtu."

"Redio ya mlinzi."

Waya aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Redio kuliko vyote, ingawa si kila mara. Alikuwa anaita akiwa pale?"

"Kila saa kamili. Kwa sababu alikuwa anafanya kazi yake." Sindano aliisikia sauti yake imekwaruza. "Kwa nini uliisahau hiyo rezista?"

"Sikuisahau. Tazama." Aligeuza kioo, akaonyesha mstari kwa ukucha wa zambarau. "Hapa nimeweka pini iwe ya kuingiza. Hapa nimewasha rezista. Vyote sawa. Halafu huku chini, nikaizima mwenyewe."

Ukucha ulisimama kwenye mstari mfupi kuliko yote:

PORTB = 0;

"Nilitaka kuzima taa peke yake, iwake, izime, iwake, izime. Lakini mstari huu hauzimi taa. Unafuta safu nzima, pini zote nane. Na rezista ya mlango inawashiwa kwenye safu hiyohiyo. Nilipaswa kuzima biti moja tu, ya pini ya taa, nyingine nisiziguse."

"Yaani umetaka mtoto mmoja alale, ukakata umeme wa mtaa mzima."

"Ndiyo. Taa ilipozima mara ya kwanza, rezista ilizima nayo, haikuwaka tena."

"Na ulijuaje?"

"Chuoni. Ijumaa ileile. Mwalimu wa maabara aliandika mstari ubaoni, akasema hili ndilo kosa la wanaoanza, wote hulifanya mara moja. Ulikuwa mstari wangu. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane."

"Jumatatu ukaja kufuta vumbi. Ukajua kuna mtu amesimamishwa kwa orodha ya mashine hiyo?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza wiki tatu."

"Jumapili ile ulisimulia mezani kwa bibi. Watu wote wapo. Ulisema mashine ya mwanao imekamata mwizi wa siku nane. Bibi akapiga vigelegele, ukanivuta ukanisimamisha kando yako." Sauti ilimpasuka. "Ningesema vipi, mama? Ningeanzia wapi?"

Sindano alikuwa na swali moja la kazi lililobaki, na alilishika kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Siku ya kulifunga tulilipima. Nilifungua mlango mimi mwenyewe mara kumi, likahesabu kumi. Tulisimama pale karibu saa nzima, mafundi wa ghala wana redio zao, na halikuruka hata moja. Kama kosa lilikuwepo, mbona hatukuliona?"

Waya alianza kukuna rangi kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Nijibu."

"Tulipima kabla ya taa, mama."

Feni ya dari ilizunguka. Sindano alikumbuka siku ile, kidogo kidogo. Mkurugenzi alikuwa anakuja baada ya nusu saa kuona kifaa. Boksi lilikuwa jeusi, kimya, halina mvuto. Na yeye, Sindano, alikuwa amesimama mikono kiunoni akasema: *Ataona nini hapa, mwanangu? Tofali? Litie taa, iwe inapepesa, watu wajue linafanya kazi.* Waya alisema taa haimo kwenye mpango. Akamjibu: *Mistari miwili tu, utashindwa?* Binti alipiga magoti sakafuni, laptopu juu ya kiti, akaandika akiharakishwa. Mkurugenzi alipofika, taa ilikuwa inapepesa. Alipiga makofi. Mlango haukufunguliwa tena mbele yao siku ile, na hakuna aliyefikiri kupima upya.

"Programu ya zamani unayo?" Sindano aliuliza.

"Sijaifuta."

"Irudishe."

*

Saa sita kasoro dakika tano walikuwa watano kibarazani: Sindano, Waya, Mfamasia, katibu wa kamati aliyeitwa awe shahidi, na Saa Kamili na mfuko wake. Waya alitoa skrubu nne, akaunganisha waya, akapakia programu ya zamani, akafunga. Mlango ulifungwa, kufuli juu yake, ufunguo mfukoni mwa katibu. Tarakimu zilisoma sifuri. Taa ilipepesa.

Sindano alimpa Saa Kamili redio kwa mikono miwili.

"Mzee, fanya kama siku zote. Usiongeze, usipunguze."

Alishika komeo, akalivuta. Limekaza. Aliangalia kufuli. Alisogea penye kivuli, akatazama saa yake ya mkononi, akangoja. Wote wakangoja naye, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha alibonyeza.

"Geti, hapa ghala. Saa sita kamili. Mlango umefungwa. Kila kitu salama."

Tarakimu ziliruka: moja. Mbili. Alipoachia kitufe, tatu.

Katibu aligusa ufunguo mfukoni mwake kama anayehakikisha bado upo. Mfamasia alisema kitu chini kwa chini kuhusu maboksi saba, akaondoka kwenda kusimama kwingine. Saa Kamili alizitazama tarakimu.

"Kwa hiyo," alisema, "kila nilipowaambia umefungwa, yenyewe ilikuwa inaandika umefunguliwa."

"Ndiyo, mzee."

"Ningekuwa mvivu nisiite, ningekuwa kazini leo."

Waya alikuwa amejibanza nyuma ya begi lake, analia bila sauti.

*

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, Mkurugenzi kichwani, wajumbe wanne pembeni, katibu akiwa mmoja wao. Chupa ilikuwa katikati kwenye mfuko wake wa nailoni, kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

Waya alikuwa ameomba asimame kwanza. Njiani alikuwa amenong'ona: "Nitasema ni mimi, mama. Ni programu yangu. Wewe ulitumia tu orodha niliyokupa." Na ingewezekana. Kosa la mwanafunzi linasameheka, na kuhusu taa hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili. Nyani haoni kundule, na Mkurugenzi asingemlazimisha kugeuka.

Waya alisimama. "Nasimama kama fundi wa mashine. Kosa lote ni langu..."

"Keti, mwanangu," Sindano alisema.

Alisimama yeye. Hakufungua faili.

"Ripoti ya kurasa sita niliiandika mimi, na si kweli. Mlango haukufunguliwa. Maelezo ya kitaalamu katibu anayo, ameyaona kwa macho yake. Nitaongeza ambayo hayamo. Mashine ilipimwa ikiwa nzima. Baada ya kupimwa niliagiza itiwe taa, kwa haraka, ili wewe Mkurugenzi uione ukifika. Taa ile ndiyo iliyoiharibu. Sikuipima tena. Orodha ilipokuja sikuomba karatasi za kipimajoto, ambazo zingenieleza kwa dakika moja kuwa nina mtu asiye na hatia. Sikuziomba kwa sababu mashine ilitengenezwa na mtoto wetu, na nilikuwa najivuna."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Na maji? Maji yalikuwa ya barafu. Umeandika hapa kuwa maelezo yake hayaridhishi."

"Alinieleza yametoka nyumbani yakiwa yamegandishwa. Sikwenda kuuliza."

"Ni mbali?"

"Naona nyumba yake kutoka dirisha la ofisi yangu."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mkurugenzi aligeukia mwisho wa meza, ambako Saa Kamili alikaa wima, mfuko wa sare magotini.

"Mzee, kamati inafuta mashtaka. Utarudi kazini na haki zako zote. Kuhusu mpelelezi, tutakaa leo hii. Una jambo lolote unaloomba?"

Saa Kamili aliutua mfuko sakafuni. Nje mtu alisukuma kitanda cha magurudumu, kikapita, mlio wake ukaisha.

"Naomba chupa yangu," alisema. "Ni ya mke wangu. Huijaza jioni, akaigandisha kwa jirani, akanipa asubuhi. Tangu mambo haya hajanijazia nyingine. Anaogopa watasema tena."

Sindano aliinyanyua chupa, akaitoa kwenye nailoni, akabandua karatasi iliyoandikwa *Kielelezo B* kwa mwandiko wake mwenyewe. Gundi ilibaki, akaikwangua kwa ukucha, kidogo kidogo, watu saba wakimtazama, mpaka ilipotoka. Aliizunguka meza yote. Alipomfikia alipiga goti, kama binti anayemnawisha baba yake mikono, akaitoa kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ya wiki nne, na yamefanya ukijani.

Saa Kamili aliipokea. Hakumwambia ainuke. Alitazama kwanza saa ya ukutani, kisha ya mkononi.

"Hiyo ya ukutani," alisema, "iko nyuma dakika sita."